Vuta n'kuvute au Peponi: uanze na ipi?

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja kazini alikuta vitabu viwili juu ya meza yangu, kimoja kimefunikwa kwa gazeti kama tulivyokuwa tukifunika madaftari shuleni, kingine bado kipya kinang'aa. Akauliza, "Dada, vyote hivi unavisoma kwa pamoja?" Nikamwambia ndiyo, kimoja nakisoma kwenye basi la mwendokasi asubuhi na jioni, kingine usiku watoto wakishalala. Akavigeuza, akasoma maneno ya nyuma ya jalada, kisha akasema, "Mimi tangu nimalize kidato cha sita sijagusa riwaya. Ukiniazima, niazime kipi?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia, "Nipe siku mbili, mdogo wangu," kwa sababu kitabu cha kwanza baada ya miaka mingi si jambo dogo. Kikikushinda, hurudi tena. Nimewaona watu wa aina hiyo, wamebeba riwaya nzito kwa sababu imepewa tuzo, wakaishia ukurasa wa ishirini, na mpaka leo wanasema kusoma si kwao.

Vitabu vyenyewe ni Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, na Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Hii ya pili iliandikwa kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na Kiswahili chake ni cha Ida Hadjivayanis, kilichotoka mwaka 2022. Zote mbili zimechapishwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Waandishi wote wawili ni wazaliwa wa Zanzibar, Shafi wa mwaka 1940, Gurnah wa mwaka 1948. Hayo utayaona hata kwenye jalada. Nilichokuja kukiona mwenyewe, tena baada ya kuzisoma kwa kupokezana kwa siku kadhaa, ni kwamba zinaanza na jambo moja: mtoto anatolewa nyumbani kwao na wazazi wake mwenyewe, akakabidhiwa mtu mzima mwenye duka.

Katika Vuta n'kuvute mtoto huyo ni Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, miaka kumi na mitano, anaozwa Bwana Raza ambaye umri wake umeshapita hamsini. Katika Peponi ni Yusuf, miaka kumi na miwili, anapandishwa treni na tajiri Aziz ambaye yeye anamjua kama ami yake. Yasmin ametolewa kwa ndoa. Yusuf ametolewa kwa deni, ni rehani ya baba yake aliyeshindwa kulipa, ila yeye halijui hilo. Kuanzia hapo njia zinaachana kabisa, na kuachana kwao ndiko kutakakokusaidia kuchagua.

Nianze na Yasmin. Huyu binti hakai. Raza anahamia naye Mombasa, na huko Yasmin anaamua kwamba ndoa ile haiwezi, anarudi Unguja. Anakwenda kwa mjomba wake, na mjomba anamfukuza, kwa kuwa binti aliyemkimbia mume ni aibu ya ukoo. Pale mlangoni ndipo riwaya inaponishika kila ninapoisoma, na hii ni mara yangu ya tatu. Binti yuko katika mji ule ule aliozaliwa, na ghafla hana hata nyumba moja ndani yake. Anakwenda kwa nani? Kwa Mwajuma, Mswahili, shoga yake, mwanamke anayeishi maisha ambayo jamaa za Yasmin wasingetaka hata kuyasikia. Na Mwajuma anamfungulia.

Nisimame kidogo kwenye neno hilo shoga. Sisi wa bara limeshatuharibikia, tukilikuta tunashtuka. Kwa watu wa pwani, shoga ni rafiki wa mwanamke kwa mwanamke mwenzake, yule wa kuambiana siri na kuazimana kanga. Riwaya hii ni ya mapenzi na ya siasa pia, lakini mimi naiona kwanza kuwa ni riwaya ya ushoga huo wa kina mama. Mwajuma hana kitu, na ana kila kitu ambacho mjomba mwenye nyumba nzima hakuwa nacho. Ungekuwa unaniuliza mhusika gani ningependa kukaa naye barazani, ningemtaja yeye bila kufikiri.

Kisha anaingia Denge. Amesoma Urusi, amerudi Unguja ya miaka ya hamsini iliyo chini ya Mwingereza, na polisi wanamwinda kwa sababu yeye na wenzake wanafanya siasa za kumtoa mkoloni. Kuanzia hapo mambo yanakimbia: mikutano ya siri, upekuzi, makachero, kukamatwa. Ndiyo maana riwaya hii nimeiweka kwenye mwendokasi. Sura zake unaweza kuzikata kituo hadi kituo na ukaunga tena jioni bila kupoteza uzi. Jumanne iliyopita niliinua macho nikakuta tumeshapita Magomeni Mapipa, na mimi nilikuwa nishuke pale.

Nakala yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa muuza vitabu anayevipanga chini kando ya barabara kule Posta. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanafunzi, maana riwaya hii imesomwa sana kidato cha tano na sita. Ukurasa wa mwanzo pembeni ameandika kwa penseli, "dhamira: ndoa ya kulazimishwa." Mbele kidogo, "tashbiha." Mbele tena, "mandhari: Unguja." Halafu penseli inapotea, kurasa kwa kurasa, mpaka mwisho wa kitabu hakuna alama hata moja. Rafiki yangu mmoja mwalimu anasema mwanafunzi yule alichoka akakiacha. Mimi siamini. Kurasa za mbele zimelegea na kuchafuka vidole vile vile kama za mwanzo, na ukurasa mmoja karibu na mwisho umekunjwa pembe. Nasema hapo penseli ilipopotea ndipo alipoanza kusoma.

Nimeeleza habari ya penseli kwa sababu wengi wetu riwaya tulizipokea hivyo, kama ngozi ya kuchunwa: toa dhamira tano, toa tamathali za semi, eleza muundo na mtindo, kafanye mtihani. Ukiirudia Vuta n'kuvute ukiwa mtu mzima, hakuna atakayekuuliza kitu. Mwenzangu alipokuwa kidato cha sita aliisoma kwa njia hiyo, na alikiri kwamba anachokumbuka ni jina la Yasmin na alama alizopata.

Peponi ni habari nyingine.

Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, wengi huku nyumbani walikuwa hawajawahi kulisikia jina lake, nami nilikuwa mmoja wao. Niliona uchungu. Mtoto wa Unguja, aliyeondoka baada ya Mapinduzi akiwa kijana na kuishi Uingereza miaka yote hiyo, ameandika juu ya pwani yetu, na sisi hatuna kitabu chake hata kimoja katika lugha yetu. Kwa hiyo Peponi ilipotoka mwaka uliofuata niliinunua mpya, bila kuangalia mfuko. Na nikaianza vibaya. Niliibeba kwenye mwendokasi kama nilivyozoea, nikasimama nimeshika bomba kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine, na baada ya siku nne nilikuwa sijui nani ni nani. Kosa lilikuwa langu. Kitabu hiki hakitaki kelele.

Yusuf hafanyi mambo kama Yasmin. Yusuf anatazama. Tunamkuta mjini Kawa, mji ulioinuliwa na reli ya Wajerumani, baba yake ana hoteli isiyoingiza kitu, na yeye anamtamani ami Aziz aje kwa sababu kila akija humwachia sarafu ya ana kumi, ana zile pesa za zamani za Kihindi. Ishike akilini sarafu hiyo. Mtoto ana njaa, nyumba ina mawazo mazito ambayo hayaelewi, na mgeni ananukia udi na manukato, anamtilia sarafu mkononi. Siku anapoambiwa afungashe vitu vyake, anafurahia treni. Sisi wasomaji tunaanza kuelewa kabla yake, na hatuna namna ya kumwambia. Anakuja kuambiwa baadaye na Khalil, kijana mwenzake pale dukani pwani, ambaye naye aliletwa kwa deni la baba yake: huyu si ami yako.

Basi kuna duka, na kuna bustani. Nyumba ya tajiri ina bustani iliyozungushiwa ukuta, ina maji, ina miti iliyotundikwa vioo, na Yusuf anaipenda kuliko kitu chochote. Ndani yake yumo Mzee Hamdani, mtunza bustani asiyesema. Mzee huyu alikuwa mtumwa, akapewa uhuru wake na bibi mwenye nyumba, na akabaki pale pale akimwagilia miti yake. Yusuf anapomuuliza, mzee anajibu kwa namna iliyonifanya nifunge kitabu nikae tu: yule bibi aliambiwa na nani kwamba uhuru ni wake yeye hata akaweza kuugawa? Niliwaza maneno ya mzee yule siku mbili nzima. Nikamuwaza Denge upande wa pili, kwenye kitabu cha mwendokasi, anayehatarisha shingo ili uhuru upatikane, na nikajiuliza wangekutana wawili hao wangeambiana nini.

Katikati ya Peponi kuna safari ya msafara kwenda bara, na hapo ndipo wengi watakapochagua kubaki au kuacha. Ni ndefu. Kuna homa, mvua, hongo kwa watemi, wapagazi wanakufa, kuna mnyapara Mohammed Abdalla ambaye usingemtakia hata jirani mbaya, na kuna mji wa Chatu ambako kila kitu kinaharibika. Mimi naiona ni sehemu kubwa kuliko zote za kitabu, maana inaonyesha biashara ya misafara siku zake za mwisho kabisa, wafanyabiashara wa pwani wakidhani nchi bado ni yao ya kupita na kuuza, na Mjerumani ameshaanza kusogea kutoka kila upande. Ni miaka michache tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna anayekuhutubia juu ya hilo. Unaliona kwa macho ya kijana anayebeba mzigo wa mtu mwingine.

Kabla ya safari hiyo kuna sehemu ambayo ni tamu kwa namna yake, Yusuf akiwa ameachwa kwa Hamid, mwenye duka kule milimani. Huko kuna Kalasinga, Singasinga wa dini ya Sikh, fundi wa magari, anayebishana na Hamid kuhusu dini mpaka usiku, na mwenye nia ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Mabishano yao nimeyasoma kwa sauti peke yangu jikoni. Na msomaji anayekijua kisa cha Nabii Yusuf, awe alikisikia madrasa au Shule ya Jumapili, atakisikia kinatembea chini ya riwaya nzima: kijana mzuri wa sura, nyumba ya tajiri, mke wa tajiri. Sitasema zaidi.

Kuhusu lugha, kuna watu wanaokwepa tafsiri kwa kanuni, wanasema bora asilia. Kwa vitabu vingi nakubaliana nao. Kwa hiki, hapana. Gurnah aliandika kwa Kiingereza, lakini watu aliowaandika hawakuwa wakizungumza Kiingereza. Yusuf na Khalil na Hamid walikuwa wakiongea Kiswahili, na Kiarabu kidogo, tangu siku ya kwanza. Ida Hadjivayanis amewarudishia vinywa vyao. Maneno kama mnyapara, rehani, hongo na seyyid kwetu hayahitaji kuelezwa, yanaingia na historia yake yote. Isipokuwa tempo ya sentensi imebaki ya Gurnah, ndefu, tulivu, yenye kukusubirisha, na mtu aliyezoea mazungumzo ya harakaharaka ya Shafi atahisi amehamishwa kutoka sokoni kwenda msikitini.

Shafi yeye ni Kiunguja cha mitaani, kinachosikika. Watu wake wanataniana, wanatukanana, wanaimba, wanabembelezana. Kuna maneno machache niliyomuuliza jirani yangu wa Kiunguja, lakini hayazuii kusoma.

Kama unachagua kwa ajili ya nyumba yenye vijana, nikuonye mapema. Vuta n'kuvute ina vilevi, mapenzi nje ya ndoa na usiku mwingi. Peponi ina ukatili wa wazi na mambo ya mnyapara yule ambayo si ya kumpa mtoto wa darasa la sita. Binti au kijana wa kidato cha tatu na kuendelea ningempa Vuta n'kuvute, na ningeisoma mimi kwanza ili tuzungumze. Peponi ningengoja afike miaka kumi na minane.

Wapo wanaoniambia wameshaiona filamu ya Vuta n'kuvute, ile ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyofika mpaka tamasha la Toronto, kwa hiyo wanadhani kitabu wamekimaliza. Filamu ni nzuri, naipenda, ina rangi za Unguja ambazo maneno hayawezi. Lakini kitabu kina nafasi ya kumfuata Yasmin mwaka baada ya mwaka, Mombasa na Unguja, akikosea, akijirudi, akichagua tena. Ukiwa umeona filamu, hiyo ni sababu nzuri zaidi ya kuanza na kitabu hiki, maana sura za watu unazo tayari.

Kwa upatikanaji, Vuta n'kuvute ni rahisi. Kwa kuwa ilisomwa shuleni, nakala zilizotumika zimejaa kwa wauza vitabu wa barabarani. Peponi utaikuta dukani, ikiwa mpya, na bei yake ni ya kitabu kipya. Hilo nalo lina uzito kwa mtu anayejaribu tu kuona kama bado anaweza kusoma.

Na kama zote mbili zinakutisha kwa unene, kuna mbili nyingine nitazitaja haraka, maana zina mtoto na baba vile vile. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ni fupi, inasomeka kwa siku mbili. Inatokea kisiwani Ukerewe, Rosa ana baba mlevi, Zakaria, anayempiga kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, na yote yanayofuata yanatoka kwenye kipigo kile. Ilipotoka ilipigwa marufuku shuleni, na ukiisoma leo utaona kilichowaogopesha wakubwa ni ukweli wake. Usiisome ukiwa na huzuni yako, ni nzito sana. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, Wakenya wengi waliisoma kwa KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari: Maimuna anafungiwa ndani na baba yake Maksuudi, bwana mkubwa wa siasa, na siku anapotoka nje hana hata ujuzi wa kuvuka barabara ya maisha. Kati ya hizi mbili mimi namchagua Kezilahabi, kwa sababu ya ufupi na kwa sababu hakumwonea huruma msomaji. Wapo watakaonipinga, hasa wapenzi wa Kiunguja kitamu cha Said Ahmed.

Siku ya pili nilimpa mwenzangu jawabu. Nilimwambia kama unachotaka ni mtu wa kumfuata, mtu anayeamua na kulipia maamuzi yake, chukua Vuta n'kuvute. Kama una saa nzima ya utulivu kila usiku, na hukasiriki mtu asipojitetea haraka, chukua Peponi. Akaniuliza, "Na mimi unanionaje?" Nikamwambia yeye ana mtoto mchanga na safari ya saa moja na nusu kutoka Kimara kila siku, saa ya utulivu ataipata wapi? Aanze na Yasmin. Yusuf atamsubiri, yule kazoea kusubiri.

Akakichukua kile cha penseli na gazeti lake. Nilimkabidhi kwa sharti moja, asiruke kurasa za mwanzo kwa kudhani anazikumbuka.

Jana saa nne usiku simu ikalia, ujumbe wake, hakuna salamu wala nini: "Dada, huyu mjomba ana roho gani?"

Nikajua amefika mlangoni.